Neno Linalokuja Baada ya Mhola

Nianze na salamu, maana hapo ndipo nilipoharibu.

Kwetu, vijiji vya huku Shinyanga kuelekea Mwakitolyo, mtu akikuuliza "Mhola?" unajibu "Mhola." Maana yake ni salama, amani, hakuna neno. Unajibu hivyo hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Mgeni aliyetumwa kuleta habari ya msiba akifika, atajibu mhola. Utamuuliza ng'ombe, mhola. Mvua, mhola. Majirani, mhola. Atapewa kigoda na maji ya kunywa, atakunywa, atafuta mdomo, ndipo atavuta pumzi na kusema: "Mhola, ila..." Hiyo ila ndiyo habari yenyewe. Yote ya kabla yake ni kufagia njia. Mtoto anayechunga ndama analijua hilo.

Sasa mtu mzima mimi, mwenye ndevu na mvi mbili tatu, nikisema nilisahau nitakuwa namdanganya nani? Sikusahau. Niliona inanichelewesha.

Nafanya kazi mgodini Geita, chini ya ardhi, kwenye kitengo cha hewa. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mtu aliye chini kabisa, kwenye mwamba, anapata hewa ya kuvuta. Mafeni, mabomba, milango ya kuzuia vumbi, hayo ndiyo maisha yangu. Nimeshuka asubuhi kabla jua halijachomoza na kupanda jua likiwa limeshazama, mpaka nikafika mahali nikawa naliona jua siku za mapumziko tu, kama shemeji anayeishi mbali. Sikuwa nimeoa. Mama alikuwa ameshachoka kunisema kwa hilo, akabaki kuguna.

Mambo yangu ya kuzamia baharini yalianza na hija. Kanisa letu lilipanga safari ya kwenda kuona nchi za kwenye Biblia, nami nikajiandikisha ili nimfurahishe mama. Tulipanda mlima, tukasali, wengine wakalia. Siku ya mwisho tukapewa mapumziko kando ya Bahari ya Shamu. Wenzangu wakakaa kivulini na maji yao ya chupa. Mimi kijana mmoja Mmisri akanishika mkono, akanivalisha miwani ya majini, akanifunga mtungi wa hewa mgongoni, akanielekeza kwa vidole: pumua, pumua, usiache kupumua. Akanishusha.

Jamani. Maisha yangu yote, kwenda chini kulikuwa ni kwenda gizani. Pale nilishuka na mwanga ukashuka pamoja na mimi. Nilipotoka nilikuwa nalia ndani ya miwani. Mchungaji wetu akadhani nimeguswa na Roho, akaniwekea mkono kichwani, na mimi nikamwacha adhani hivyo.

Tangu hapo sikutulia. Nilijinyima, nikauza gari, nikaomba likizo ya mwaka mzima bila malipo. Mkuu wangu akauliza kama naenda kusoma. Nikamwambia hapana, naenda kuzamia baharini, nchi za watu. Alinitazama kama anayesubiri nimalizie utani. Wenzangu wa zamu ndio walinicheka vizuri. "Bhebhe," mmoja aliniambia, "wewe umelaaniwa kushuka tu. Ukitoka ardhini unaingia majini. Na ukifa utashuka tena!" Tulicheka mpaka msimamizi akatufukuza mlangoni.

Nilikwenda nyumbani kuaga. Mama alikuwa anachagua mchele uani, nikamwambia naenda kuzamia baharini.

"Nani anakulipa kwa hiyo kazi?" aliuliza. Anaongea Kisukuma tu, mimi ndiye ninayemgeuza Mswahili hapa.

"Hakuna anayenilipa, mayu. Nalipa mimi."

"Unalipa wewe. Ili uingie kwenye maji."

"Ndiyo."

"Na lambo letu pale si lina maji?"

Akacheka, akaweka ungo chini ili acheke vizuri. Akamwita jirani aje asikie. Nilipokuwa mdogo alinichapa fimbo ambayo mpaka leo naikumbuka, kwa sababu nilikwenda kuoga lamboni na ng'ombe. Sasa huyu aliyechapwa anauza gari akaoge ng'ambo. Nami nilicheka. Ilikuwa siku nzuri sana, na ndiyo inayoniuma kuliko nyingine.

Jirani alipoondoka, mama aliacha kucheka. Akaniuliza kama huko chini hakuna hatari. Na mimi, kwa kutaka kuonekana mjuzi, nikamweleza kwa mkono hewani kama mwalimu: "Hatari ni moja, mayu. Kushtuka. Mtu akiwa chini akashtuka, akaanza kuhema ovyo, amekwisha. Moyo lazima utulie."

"Kwa hiyo mtu wa majini hashtuliwi."

"Ehee. Hashtuliwi."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Hakuniuliza tena. Kabla sijapanda bodaboda tulikwenda wote nyuma ya zizi, kwenye kaburi la baba. Baba alikuwa amelala pale miaka michache tu. Nililijengea mwenyewe kwa saruji na vigae vya bluu nilivyovichagua Geita, na mama hakuwahi kuvipenda vile vigae, alisema vinafanana na bafu la gesti. Nikamwagia baba maji kidogo, nikamwambia naondoka, nitarudi. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Kwetu mambo ya kaburi la baba, kuligusa, kulitengeneza, kulihamisha, hayaanzi bila mkubwa. Jembe la kwanza ni lake na neno la kwanza ni lake. Dada yangu ameolewa Samuye, angeweza kuja, angeweza kupika na kulia, lakini lile jembe asingeshika.

Nikaenda zangu.

Nisijifanye kwamba sikufurahi. Kama ningekuwa nimeteseka huko, pengine leo ningekuwa na pa kujificha. Nilifurahi kama mwendawazimu. Nilianza kulekule Misri, nikapata vyeti vya kuzamia, nikaenda Thailand, nikaenda Ufilipino, kwenye kisiwa kidogo ambako nilikaa muda mrefu kuliko kote kwa sababu duka la wazamiaji lilinipa malazi, nami nikawa nawabebea mitungi. Walinipenda. Hawakuwahi kuona mtu anayekagua mtungi kama mimi: nilikuwa naunusa, nauweka sikioni, nasikiliza vali. Mwalimu wangu, mama mmoja wa makamo mwenye mikono migumu, alikuwa anasema wanafunzi wengine anawafundisha kupumua, huyu wa Afrika amekuja anajua thamani ya hewa.

Na vile vitu vya chini! Kasa mkubwa kama meza ya kulia, anatafuna majani yake bila haraka, anakutazama, anaendelea. Samaki wa njano, wa zambarau, wengine sijui niwaite rangi gani. Kwetu tuna maneno mengi ya rangi za ng'ombe, lakini pale ng'ombe wote waliniishia. Nilikuwa nikipanda juu najilaza kwenye boti, chumvi imenikauka usoni, nawaza: hivi hii dunia ilikuwepo siku zote mimi nikiwa napima vumbi?

Mama nilikuwa nampigia. Hilo nalisema si kwa kujitetea. Nilimpigia mara nyingi. Nilikuwa nasimama mwisho wa gati ambako mtandao ulikuwa unapatikana, wenzangu wanapakia vifaa, injini inaunguruma, naweka simu sikioni.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola. Huko mhola?"

"Mhola duhu."

"Ng'ombe?"

"Mhola."

"Dada?"

"Mhola."

"Haya mayu, boti inaniita. Nitapiga tena."

Basi. Nilikuwa nakata kabla ya ile pumzi. Nilikuwa naichukua mhola kama habari, naifunga mfukoni, nazama nayo, moyo mweupe. Na yeye kule kigodani alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kufagia njia.

Mara moja nilisikia kelele nyuma yake, mtetemo kama wa mashine ya kusaga. Nikauliza ni nini.

"Ni mashine za watu," alisema.

"Watu gani?"

"Watu tu. Wewe uko juu au uko chini?"

"Niko juu, mayu, nitaongeaje nikiwa chini?"

"Lakini unaenda chini."

"Naenda sasa hivi."

"Nenda baba. Kuna neno dogo, lakini nenda kwanza."

Kwetu hakuna neno dogo. Mtu akikuambia ana neno dogo, unavua kofia. Nilijua. Nikasema nitampigia kesho, na kesho yake walionekana papa nyangumi upande wa pili wa kisiwa, tukaenda kuwatazama, nikasahau. Hapo ndiyo nilisahau kweli.

Dada naye alituma ujumbe. Alikuwa amekatazwa kuniambia lolote, hilo nilikuja kulijua baadaye, kwa hiyo aliandika hivi tu: "Kaka, ukipiga simu ongea na mama vizuri." Mimi nikamjibu kwa picha ya kasa. Nikaweka na alama ya kucheka. Haki ya nani, natamani nikivunje kile kidole changu kilichobonyeza ile alama.

Nilirudi mwaka ulipokwisha. Nilishuka Mwanza, nikapanda basi mpaka Shinyanga, nikachukua bodaboda ya kunipeleka kijijini. Begani nilikuwa na mfuko wenye miwani yangu ya majini na mapezi, na ndani ya simu nilikuwa na video za kumwonyesha mama samaki mpaka achoke. Njiani nilikuwa namhadithia dereva wa bodaboda habari za papa. Yeye alikuwa anaitikia "Aisee, aisee." Halafu tukapanda kile kilima kidogo cha mwisho nikaacha kuongea.

Mashamba hayakuwepo. Kulikuwa na vichuguu vya udongo mwekundu na wa kijivu kila mahali, mashimo yenye matimba, yale magogo ya kuzuia kuta, yaliyooza mdomoni, maturubai yaliyochanika, vibanda visivyo na watu. "Hapa palitoka dhahabu," dereva alisema. "Ilikuwa rashi kubwa. Watu walitoka mpaka Chato, mpaka Chunya huko. Sasa wamehamia kwingine, mwamba wenye dhahabu umekata." Aliongea kama mtu anayekuonyesha uwanja wa mpira baada ya mechi. Nikamuuliza nyumba yetu. Akanyoosha kidole.

Nyumba ilikuwepo, na ufa kutoka dirishani mpaka chini. Zizi halikuwepo. Nyuma ya mahali zizi lilipokuwa palikuwa na shimo pana kama lambo, kingo zake zimemomonyoka, limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Mama alitoka mlangoni. Alikuwa amekonda, kitenge amekifunga mara mbili. Nilitaka kukimbia nimuulize, nimshike mabega. Akainua mkono wake kunipokea mfuko.

"Mhola, baba?"

"Mayu, hii..."

"Mhola?"

Nikajibu mhola. Ningefanyaje? Akaniuliza safari, mhola. Akaniuliza watu wa huko kwenye maji, mhola. Nikamuuliza yeye, mhola. Ng'ombe, mhola, na zizi sioni! Majirani, mhola. Akaniletea kigoda, nikakaa, uso wangu unatazama lile shimo. Akaniletea maji, nikanywa, yakanipalia. Akaniletea maziwa ya mgando na michembe ya viazi vikavu. Nikala. Nilikuwa nameza kama mtu anayekula mchanga. Yeye alikuwa amekaa ananitazama nikila, ametulia kabisa, kama mtu ambaye mzigo wake umefika kwa mwenyewe. Nilipofuta mdomo alivuta pumzi.

"Mhola, ila baba yako yuko majini."

Akanieleza yote, kwa mpangilio, bila kupandisha sauti. Rashi ilianza shamba la jirani mara tu nilipoondoka. Wachimbaji walikuja na mashine zao, wakajaa. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, lililokuwa karibu na kwetu alikuwa mtu wa adabu. Alikuja na wazee wawili, akavua kofia, akasema mama, mwamba unaelekea kwako, tunaogopa kupita karibu na mzee, turuhusu tumhamishe kwa heshima zote, mbuzi tutaleta, jeneza tutaleta. Mama akamjibu mkubwa hayupo. Akaulizwa atarudi lini. Akasema mkubwa yuko majini, na mtu wa majini hashtuliwi, nikipata nafasi nitamwambia taratibu. Yule bwana alikubali. Wachimbaji nao wanaogopa makaburi. Walizungushia miiba, wakawa wanapita kando.

Juu walipita kando. Chini walifuata mwamba, kwa sababu mwamba hauna kando. Haya mimi ndiye ninayeyajua, mama hakuyasema. Ninajua jinsi mtu akiwa chini na taa kichwani anavyosahau kilichoko juu yake.

Mvua zilipokuja ardhi ilititia. Hakuna mtu aliyekuwa ndani, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Zizi lilikwenda, kaburi likaenda, vigae vyangu vya bluu na kila kitu, maji yakajaa.

"Mbona hukuniambia?" nilisema. Naona aibu kuiandika hiyo sentensi. Niliisema kwa sauti ya kulaumu kabisa.

"Nilikuwa nakuja kukuambia," alisema mama. "Kila siku nilikuwa nakuja. Boti inakuita."

Hakuwa ananisema. Hilo ndilo nisiloweza kulimeza. Alikuwa ananieleza tu jinsi ilivyokuwa, kama anavyoweza kusema mvua ilinyesha.

Dada alifika kesho yake kutoka Samuye, na yeye hakufagia njia yoyote. Alinikuta nimesimama ukingoni, hakunisalimia hata shikamoo. "Mimi nilitaka wavute maji," alisema. "Siku ileile. Mwenye duara alikuja hapa na matope mpaka magotini, akamwambia mama, pampu zipo, watu wapo, tuvute maji tumtafute mzee kabla kuta hazijamalizika kuanguka. Nilimpigia mama magoti. Unajua alisema nini?"

Sikutaka kujua.

"Alisema hapana, nyie mtamkoroga tu. Mkubwa wake anakuja, na amekwenda kujifunza kuingia majini. Mungu alijua kabla yetu, ndiyo maana alimpeleka. Hivyo ndivyo alivyowaambia, kaka. Wote. Kanisani, kisimani, kwa mwenyekiti. Tulipomwambia ahamie kwangu alikataa, eti akiondoka nani atakuonyesha mahali. Miezi yote hii hajalia. Alikuwa anakusubiri wewe."

Wachimbaji walisubiri kidogo, wakasema pole, dhahabu ikasikika kwingine, wakaondoka na pampu zao. Kuta ziliendelea kuanguka.

Nilimtazama dada, naye alinitazama, na nadhani yeye alishaelewa. Alikuwa mtu wa kwanza kuelewa. "Huwezi, si ndiyo?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Hivyo vitu ulivyojifunza. Haviwezi."

Haviwezi. Nilichojifunza ni cha maji maangavu. Unashuka na mwenzako, mtungi umejaa, juu yako ni wazi, ukipata shida unapanda. Mwalimu wangu yule wa mikono migumu alikuwa anasema mahali usipoona mkono wako wala mlango wa kutokea, hapo si pa kuzamia, hapo ni pa kufia. Shimo lile lina matimba yaliyolala hovyo, kuta zinazoshuka kila ukigusa, zebaki ya wachimbaji, na tope ambalo hata mtu akiwa na taa kumi haoni. Na mtungi wenyewe nitautoa wapi Shinyanga? Na baba mwenyewe, ndani ya tope lile, baada ya yote hayo, ningemjuaje? Haya yote nilikuwa nayo mdomoni. Yalikuwa ya kweli, yalikuwa ya kitaalamu, na ningeyasema kwa dakika chache tu.

Mama akatoka ndani na kamba. Ilikuwa kamba ya ng'ombe, ya katani, ndefu. Nyuma yake walikuja majirani, wazee wa kanisa, wanawake na watoto wao mgongoni, kwa sababu alikuwa amewatangazia alfajiri kwamba mkubwa ameshafika. Mkono wa pili alikuwa ameshika jembe. Alilichomeka ardhini pembeni yangu.

"Uliniambia mtu hashuki bila mwenzake wa kumshika," alisema. "Nitakushika mimi."

Sikumbuki kama nilimwambia hilo. Lazima nilimwambia, siku ile ya kuaga, wakati najigamba.

Ningesema pale. Watu wote walikuwa wananisubiri. Mama alikuwa anafunga kamba kiunoni mwangu kwa vidole vyake, fundo la ndama, lile lisilofunguka likivutwa, na mdomo wake ulikuwa umetabasamu kidogo. Alikuwa anaona fahari. Mwaka mzima amewaambia watu hakuna shida. Nilikwenda ndani nikachukua miwani.

Nilichukua jembe, nikapiga la kwanza ukingoni, nikamwambia baba nimerudi. Sauti ilinitoka vibaya. Halafu nikashuka upande ambao kingo zimelala, nikaingia mpaka magotini, mpaka kiunoni, tope likanimeza miguu. Sikwenda mbele zaidi ya hapo. Ningekwenda mbele ningekufa, na hilo ndilo jambo pekee la akili nililolifanya mwaka ule. Nikavaa miwani. Nikainama. Nikazamisha uso.

Hakuna kitu. Ilikuwa rangi ileile ya chai, halafu karibu na pua hata hiyo rangi haikuwepo. Nilifumbua macho kwa nguvu kama vile shida ilikuwa macho. Nikayafumba. Na nikabaki pale, nimebana pumzi, kwa sababu kubana pumzi nilijifunza kweli. Nilibaki muda mrefu kadiri nilivyoweza, kusudi waone natafuta. Nilizungusha na mikono kidogo. Kamba ilikuwa imekaza vizuri kiunoni, haivuti, hailegei, na nilijua kwamba mwisho wake mwingine yuko mtu ambaye anaamini. Nililia ndani ya miwani kama siku ile ya Bahari ya Shamu.

Nilipoinua kichwa nilisikia watu wakishusha pumzi. Mama alinivuta taratibu mpaka nikafika juu. Matope yalikuwa yananitiririka. Alinifuta uso kwa kitenge chake, akaniuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Yuko mhola?"

"Mhola, mayu."

"Mhola," akarudia. Nyuma yake wakaitikia, mmoja mmoja, wazee na wanawake, mhola, mhola. Mzee mmoja wa kanisa akaanza wimbo. Dada yangu peke yake hakuitikia. Aliokota jembe akaenda nalo nyumbani.

Watu walipotawanyika, mama aliniletea kigoda. Akaniletea maji ya kunywa. Nikanywa, nikafuta mdomo. Akavuta kigoda chake akakaa mbele yangu, mikono mapajani. Hakuwa na haraka. Alikuwa ananisubiri nimalizie.

Nikamwambia nimechoka, nikaenda kulala.

Sasa nimerudi kazini Geita, nashuka na kupanda kama zamani. Wenzangu wananiuliza habari za baharini, nawaambia ni pazuri. Mama amekubali kuhamia Samuye kwa dada. Nampigia jioni, nikiwa nimekaa kitandani, hakuna boti, hakuna injini. Tunasalimiana. Ng'ombe, mhola. Dada, mhola. Mvua, mhola. Tukimaliza zote, hakati. Nasikia pumzi yake kwenye simu, ametulia, ananipa nafasi. Nami sikati. Tunakaa hivyo mpaka salio linaisha.